Milimita Mbili za Diski ya Breki

Mjini Likasi, Kongo, uamuzi wa kubadilisha diski za breki au kuziacha hufanywa zaidi kwa sikio na kwa mfuko. Gari likianza kulia linapopunguza mwendo, mwenyewe hulipeleka garaji. Fundi hufungua gurudumu, hutoa plaketi zilizokwisha, zile ambazo Dar es Salaam na Nairobi huitwa pedi, huweka mpya, kisha hupitisha kidole juu ya diski na kuuliza kama mteja ana pesa ya kuipeleka kukerezwa. Akiwa nayo, diski inakwenda kwenye mashine. Akiwa hana, inarudi ilipokuwa. Unene wake hautajwi na yeyote. Nami nasema unene ndio uliopaswa kutajwa kwanza, kabla ya kelele, kabla ya mistari, hata kabla ya bei. Diski ya mbele ya gari dogo imeruhusiwa kupungua milimita mbili hivi tu tangu inapotoka kiwandani hadi inapopaswa kutupwa, na milimita hizo zinaweza kuliwa na mashine ya kukerezea upesi kuliko zinavyoliwa na safari.

Ili kuona kwa nini milimita mbili ni jambo kubwa, tuangalie diski inafanya kazi gani hasa. Ni duara la chuma cha kusubu linalozunguka pamoja na gurudumu. Dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki yanasukuma pistoni iliyo ndani ya kalipa, pistoni inazibana plaketi kwenye nyuso mbili za diski, na mwendo wote wa gari unageuka kuwa joto. Chukua Toyota Vitz au IST yenye abiria wanne, uzito wote uwe kilo 1,300. Ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ina nishati ya kilojuli 320 hivi. Likasi iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji huchemka yakifika nyuzi 96 hivi. Basi kusimama mara moja kutoka kwenye mwendo huo kunatoa joto la kutosha kuchemsha lita nzima ya maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Thuluthi mbili za joto hilo au zaidi huangukia breki za mbele, kwa sababu gari linaposimama uzito wake hulalia mbele. Diski moja ya gari la namna hiyo ina kilo nne au tano tu za chuma. Ukifanya hesabu, kila kusimama kwa ghafla kutoka kilomita 80 kunaipandisha joto kwa nyuzi 50 hivi, na kama dereva atalazimika kufanya hivyo tena kabla upepo haujaipoza, nyuzi zinajumlishwa juu ya zile za kwanza.

Diski iliyokonda inapokea joto lile lile kwa chuma kidogo zaidi. Nyingi za mbele zina tundu katikati: ni kuta mbili zilizoshikanishwa na mapezi, ili hewa ipite kati yake. Diski yenye unene wa milimita 18 haina milimita 18 za chuma. Sehemu ya unene huo ni hewa. Tuseme kila ukuta una milimita tano au sita. Ukiondoa milimita mbili kwa jumla, umeondoa karibu moja ya tano ya chuma kilichokuwa kikibeba joto. Kuanzia hapo mambo yanafuatana. Uso wa diski unapanda joto kupita kiasi, plaketi zinapoteza mshiko, na joto linapenya kupitia pistoni hadi kwenye mafuta. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, lakini hunywa unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na kiwango cha chini kinachokubaliwa yakishapata maji ni nyuzi 140 tu. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka ndani ya bomba hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea. Pedali inazama hadi sakafuni na gari linaendelea kwenda. Dereva aliyepatwa na hilo atasema breki zilikatika ghafla, ilhali zilikuwa zikikatika kidogo kidogo tangu diski ilipovuka mpaka wake.

Mazingira ya Likasi yanaifanya hesabu hii kuwa nzito kuliko mahali pengi. Mji umekaa kwenye vilima, na ndani yake barabara zinapanda na kushuka. Gari la kilo 1,300 likishuka mita 100 za kimo huku dereva amekanyaga breki, linamwaga kwenye diski joto sawa na kusimama mara nne kutoka kilomita 80. Kisha kuna barabara kuu inayotoka Lubumbashi, kilomita 120 hivi kutoka hapa, na kuendelea kuelekea Fungurume na Kolwezi. Hiyo ni njia ya malori ya migodi: shaba na kobalti zikielekea mpaka wa Kasumbalesa, asidi, chokaa na mafuta vikija upande huu. Gari dogo linalosafiri humo linaishi kati ya malori, linapunguza mwendo nyuma ya moja, linalipita, linapunguza tena kwenye kituo cha ushuru wa barabara. Tena magari mengi madogo ya Katanga yaliletwa kutoka Japani yakiwa na usukani upande wa kulia, na Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva wa gari la namna hiyo, akiwa nyuma ya lori, haoni kinachokuja mbele mpaka atoe karibu gari zima nje ya mstari. Akikuta lori jingine linamjia, kitu pekee kilichobaki kumrudisha nyuma ni breki. Kwa hiyo anayesema diski nene ni anasa ya watu wa barabara kuu za Ulaya ameligeuza jambo: mwenye barabara pana na usukani upande unaofaa ndiye angeweza, ikibidi, kuvumilia diski mbaya. Sisi hatuwezi.

Vumbi nalo lina sehemu yake, na lina historia ndefu. Mhandisi wa Kiingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, miaka minne kabla ya Union Minière kuundwa ili ichimbe shaba ya Katanga. Plaketi zake alizitengeneza kwa shaba, na barabara za wakati ule zilikuwa za vumbi na mashimo. Shaba ililika upesi mno na wazo zuri likakaa kando nusu karne nzima. Halikurudi kwa nguvu mpaka gari la Jaguar lenye diski za Dunlop liliposhinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953, na Citroën ikaziweka mbele ya DS yake mwaka 1955. Plaketi za leo ni imara zaidi, lakini vumbi halijabadilika. Kati ya Mei na Oktoba, mvua inapokoma, barabara za mitaa ya Kikula au Panda ambazo hazina lami hutoa vumbi jekundu lenye chembe za mchanga wa kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha diski. Chembe zikiingia kati ya plaketi na diski zinachora mistari. Mistari myepesi ambayo ukucha hauishiki si ugonjwa. Ni uso wa kawaida wa diski inayofanya kazi. Vivyo hivyo kutu nyepesi ya rangi ya chungwa asubuhi baada ya mvua ya Januari: ikifutika kwa kukanyaga breki mara mbili tatu, haina neno. Nasikitika kuona watu wakitumia pesa kuondoa mistari na kutu za namna hii, kisha wanakosa pesa siku ya kasoro ya kweli.

Kasoro ya kweli hutafutwa kwa kipimo. Ukiitazama diski iliyotumika kwa karibu, utaona ukingoni mwake pembeni kabisa mdomo ulioinuka, mwembamba kama uzi, uliojaa kutu. Plaketi haifiki hapo, kwa hiyo mdomo ule una unene wa zamani, na uso unaong'aa ndani yake ndio uliolika. Mtu akibana ukingo kwa kipimo cha vernia, taya zinakaa juu ya mdomo na kumpa namba nzuri ya uongo. Chombo kinachofaa ni mikromita yenye ncha fupi, inayoingia hadi sentimita moja hivi kutoka ukingoni. Asiye nayo ana njia nyingine: aweke rondeli (washa) mbili zinazofanana, moja kila upande wa sehemu inayong'aa, abane kwa vernia juu yake, kisha atoe unene wa rondeli zote mbili. Kwingineko mafundi hutumia sarafu, lakini franki yetu ni noti tupu. Apime mahali sita au nane kuzunguka duara, si pamoja, na aiandike ile namba ndogo kuliko zote. Halafu atafute mpaka wenyewe. Mara nyingi umepigwa muhuri kwenye shingo ya diski au ukingoni, herufi MIN TH zikifuatwa na namba ya milimita, na inabidi kusugua kutu kwa brashi ya waya ndipo isomeke. Magari madogo huanza na milimita 18 hadi 25 mbele, kutegemea aina, na muhuri huwa chini ya hapo kwa milimita mbili hivi. Uso wa ndani, ule unaotazama injini, uangaliwe pia. Pini za kalipa zikikauka, plaketi ya ndani hubana peke yake, na diski inayong'aa vizuri ukiitazama kupitia matundu ya rimu inaweza kuwa imechimbwa vibaya nyuma.

Sasa tufike kwenye mashine ya kukerezea, maana hapo ndipo mazoea ya mji huu yanapogongana na hesabu. Likasi ni mji wa vyuma. Karakana kuu za kampuni ya migodi ya Gécamines zilizoko Panda zimesubu na kukereza vipuri vya migodi tangu enzi za ukoloni, na ustadi uliozaliwa humo ulitoka na kusambaa kwenye karakana ndogo za mjini. Mtu wa hapa anaweza kumpata fundi kerezo hodari kwa urahisi kuliko mwenyeji wa miji mingi mikubwa. Basi ni jambo la kueleweka kwamba diski yenye mistari inakwenda kwake, na inarudi imenyooka na kumeremeta. Lakini ili kuifikia sehemu safi chini ya mistari, kisu cha mashine huenda kikaondoa nusu milimita kila upande. Nusu kwa nusu ni milimita moja. Kati ya milimita mbili ilizopewa diski kwa maisha yake yote, moja imebaki sakafuni kama vumbi la chuma ndani ya robo saa, kazi ambayo barabara ingechukua miaka kuifanya. Akirudi tena plaketi zikiisha, ya pili nayo imekwenda. Mwenye gari anaamini ameokoa bei ya diski mara mbili. Kwa kweli ameinunua diski polepole kwa malipo ya kukereza, na aliyobaki nayo haifai tena.

Sisemi kwamba kukereza ni kosa siku zote. Diski nzito ambayo bado ina milimita moja na nusu ya ziada, lakini imechimbwa na plaketi iliyoisha hadi ikafika kwenye bati, inaweza kukerezwa mara moja kwa faida, mradi fundi apime kabla na baada, na ibaki juu ya muhuri kwa kiasi kinachoweza kulika hadi plaketi zijazo. Sharti ni hilo la mwisho, nalo ndilo linalosahaulika. Diski iliyotoka mashine ikiwa juu ya mpaka kwa sehemu ya kumi ya milimita ni halali leo na haramu baada ya miezi michache, na hakuna atakayekuwapo kuipima siku hiyo.

Kuna tatizo jingine ambalo hupelekwa kwenye mashine na mashine haiwezi kulitibu. Gari likitetemeka usukani linapofunga breki kwenye mwendo mkubwa, husemwa diski imepinda kwa joto. Ni nadra sana chuma cha kusubu kupinda kama sahani. Kinachotokea kwa kawaida ni kwamba diski haikukaa sawasawa kwenye habu. Watengenezaji wengi wanaruhusu diski iyumbe kwa sehemu tano tu za mia za milimita, na ganda dogo la kutu lililobaki kwenye habu wakati wa kufunga linatosha kuzidisha hapo. Kila mzunguko, sehemu ile ile inagusa plaketi hata dereva asipokanyaga kitu. Baada ya kilomita elfu kadhaa sehemu hiyo imelika zaidi ya nyingine, unene wa diski haulingani tena, na mguu unausikia utofauti huo kwenye pedali. Fundi kerezo akiinyoosha, anainyoosha kwa kufuata mhimili wa mashine yake. Ikirudi kwenye habu yenye kutu ile ile itayumba tena, na baada ya miezi michache mteja atarudi kulalamika. Nati za gurudumu zilizokazwa bila mpangilio, moja kwa nguvu zote na nyingine nusu nusu, huleta matokeo hayo hayo. Dawa yake ni brashi ya waya, sandipepa na dakika kumi za subira, vitu ambavyo havimshindi mtu yeyote.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni pesa, na ni pingamizi la haki. Dereva wa teksi anayempelekea mwenye gari hesabu kila jioni hawezi kusimamisha kazi kusubiri diski mpya iliyosafiri kutoka bandari ya Dar es Salaam, ikapita Tunduma na Zambia nzima hadi Kasumbalesa. Lakini kipimo chenyewe hakina gharama, na mara nyingi kinamwokolea pesa. Diski yenye mistari midogo na unene wa kutosha haihitaji kukerezwa wala kubadilishwa; inawekewa plaketi mpya na kuendelea na kazi. Kwa hiyo kupima kunaondoa matumizi yasiyo ya lazima kwa wengi, na kunayapeleka kwa wachache ambao kweli wamefika mwisho. Wengine husema afadhali diski zilizotumika, zilizong'olewa kwenye magari ya Japani. Sina ugomvi nazo kama zinapimwa kwa namna ile ile, pande zote mbili zinakaribiana, na hazina nyufa. Diski ya zamani ya kampuni iliyoliunda gari, yenye milimita moja na zaidi ya akiba, naiamini kuliko mpya isiyo na muhuri wowote wa unene. Kwa mpya, mizani ya dukani inasaidia: ikiwa nyepesi kwa dhahiri kuliko ile uliyoitoa, ambayo tayari imelika, basi kuta zake ni nyembamba au mapezi yamepunguzwa. Alama ya herufi E ndani ya duara pamoja na namba inayoanza na 90R ni dalili kwamba imefanyiwa majaribio kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 90, ingawa alama nayo huigwa, kwa hiyo mizani isiachwe.

Wapo wanaosema mpaka ule umewekwa na kampuni ili ziuze vipuri, na kwamba wameendesha chini yake miaka mingi bila ajali. Shaka hiyo ingekuwa na nguvu kama mpaka ungekuwa wa kubuni. Lakini tumeona unatokana na joto na uzito, na joto halijui jina la kampuni. Tena kuna sababu ya pili, ya umbo tu: diski ikikonda na plaketi nazo zikifika mwisho, pistoni inalazimika kutoka nje ya kalipa kupita ilivyokusudiwa, inakaa upande, mpira wake unachanika, na mafuta yanavuja. Kuhusu waliosalimika, ni kweli wapo, na ni wengi. Katika mwendo wa kila siku mjini, kwenye kilomita 40 kwa saa, joto ni robo ya lile la kilomita 80, na diski iliyochoka inaweza kulibeba mwaka mzima bila kuonyesha dalili. Usalama wa aina hiyo unathibitisha tu kwamba siku ngumu haijafika. Gari lile lile linalopeleka watoto shule Jumatatu ndilo linalojazwa watu na mizigo Jumamosi kwenda msibani Lubumbashi.

Pingamizi la fundi mwenyewe ni la uzoefu: kidole chake kimeshika diski elfu, kwa nini aaibishwe na mikromita? Namheshimu, na uzoefu wake unahitajika kutambua pini iliyokwama, beringi inayolegea au mafuta yaliyokolea rangi. Lakini kidole kinahisi mistari; hakihisi unene. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kutofautisha milimita 16.2 na 15.8, na kati ya namba hizo mbili ndipo penye muhuri wa diski nyingi za milimita 18. Katika mji huu hoja hii isingepaswa kuwa ngeni. Shaba ya Katanga huuzwa duniani kwa usafi wa asilimia 99.99, na mteja asingeipokea kwa neno la mtu aliyeitazama rangi. Waliofanya kazi viwandani Shituru au karakanani Panda wamekulia kwenye vipimo. Kinachohitajika ni vipimo hivyo kuvuka ukuta na kufika chini ya miembe ya garaji za mtaani, na mikromita moja inaweza kutumiwa na mafundi kumi.

Ikishathibitika kwamba diski imekwisha, zibadilishwe zote mbili za mbele kwa pamoja, na plaketi mpya. Ukibadilisha upande mmoja, mshiko hautakuwa sawa na gari litavuta pembeni, jambo la hatari zaidi kwenye lami iliyoloa. Gari liegemee stendi au magogo imara, lisiachwe juu ya jeki peke yake. Kalipa ikifunguliwa ining'inizwe kwa waya, maana ikining'inia kwa hozi yake inaiumiza kwa ndani mahali ambapo macho hayafiki. Diski iliyogoma kutoka haihitaji nyundo: Toyota nyingi zina matundu mawili yenye uzi kwenye uso wa diski, na boliti mbili za milimita nane zikikazwa humo kwa zamu zinaisukuma nje taratibu. Habu isuguliwe mpaka chuma kionekane. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa; plaketi za zamani zilikuwa na asbesto, na bado hujui ya leo imetoka wapi. Diski mpya huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, na mafuta hayo yakibaki yataharibu plaketi siku ya kwanza. Kama hakuna dawa maalumu, maji ya moto na sabuni yanafaa kuliko petroli, ambayo huacha utando na huwaka. Pini za kalipa zipakwe grisi ya breki, kwa kuwa grisi ya kawaida huvimbisha mipira. Nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota, kwa hatua, na kwenye Toyota ndogo nyingi mkazo wa mwisho ni nyutoni-mita 103. Kabla gari halijasogea, pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu. Wapo waliogonga ukuta wa garaji kwa kusahau hilo.

Halafu diski na plaketi zinahitaji kuzoeana. Asubuhi mapema, kwenye kipande cha barabara kisicho na watu, dereva apandishe mwendo hadi kilomita 60 na kupunguza kwa nguvu ya wastani hadi 10, bila kusimama kabisa, mara nane au kumi, akiacha upepo upoze kati ya moja na nyingine. Kazi hiyo inatandaza utando mwembamba wa plaketi juu ya diski nzima kwa usawa. Akisimama na kung'ang'ania pedali wakati diski ni ya moto, utando unaganda mahali pamoja, na mtetemo unaanza hata kabla ya mwezi kuisha. Baada ya hapo, kinachoongeza maisha ya diski zaidi ya kitu kingine ni mguu wa dereva: gia ndogo kwenye mteremko, na umbali wa kutosha nyuma ya lori. Breki za nyuma, ambazo kwenye magari haya mara nyingi ni za ngoma, zirekebishwe pia, kwani zikilegea mbele hubeba mzigo wote.

Jambo la mwisho ni karatasi. Garaji nyingi hutoa risiti yenye bei tu. Mteja ana haki ya kuomba iandikwe juu yake tarehe, kilomita za gari, na unene wa diski ya kushoto na ya kulia kama ulivyosomwa siku hiyo, na fundi anayejiamini hatakataa. Baada ya kilomita 10,000 zipimwe tena. Kama ya kushoto ilikuwa 17.6 na sasa ni 17.3, inapoteza sehemu tatu za kumi kwa kila kilomita 10,000, na ikiwa muhuri ni 16, mwenye gari anajua amebakiwa na kilomita 40,000 na ushee, muda wa kutosha kuweka akiba kidogo kidogo. Kama ya kulia imeshuka mara mbili ya hapo, tatizo liko kwenye kalipa ya kulia, nalo lishughulikiwe sasa, wakati bado ni suala la pini mbili na grisi.